Mwanangu alinikuta narudia vyombo alivyoosha

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata na nauza vitambaa Kariakoo. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 11, yuko darasa la tano. Mdogo ni wa kike, ana miaka saba. Natoka alfajiri, kurudi kunategemea foleni, kwa hiyo nyumba anaiendesha dada wa kazi. Huu ni mwaka wake wa nne kwetu na sina baya la kusema juu yake.

Pasaka alikwenda kwao Iringa wiki mbili. Jioni ya kwanza tu, niko jikoni nakaanga, nikamwambia mkubwa anipe chumvi. Akafungua friji. Mtoto kazaliwa nyumba hii, chumvi hajui inakaa wapi! Mimi umri wake nilikuwa nasonga ugali wa watu saba. Sisemi na yeye apitie hayo, maana kovu la uji wa moto ninalo mpaka leo. Lakini kesho akienda bweni ataishije?

Basi nikagawa kazi. Mdogo anakunja nguo zilizoanuliwa na kufagia sebule. Mkubwa anatandika kitanda, anafua soksi zake, na vyombo vya usiku ni vyake. Jiko la gesi hagusi peke yake. Jumapili anasimama na mimi kujifunza kukaanga mayai. Na alikolea, Shangazi. Siku dada aliporudi alimpokea begi mlangoni, akamwambia, "Dada, siku hizi vyombo naosha mimi."

Tatizo la kwanza ni langu mwenyewe. Watoto wakilala naingia jikoni kimyakimya. Anaosha, sikatai, lakini sufuria ya wali anaiacha na ukoko pembeni, na vikombe vinanuka sabuni. Narudia. Usiku mmoja akaamka kunywa maji, akanikuta nimeshika sufuria yake, povu mpaka kwenye viwiko. Hakusema kitu. Akachota maji, akanywa, akarudi kulala. Kesho yake nikamkumbusha vyombo, akanijibu bila kuniangalia, "Si utarudia tu." Tangu hapo anaosha kikombe kimoja, cha kwake.

La pili ni dada. Nilidhani atafurahi kupunguziwa. Wapi! Nikimwita mtoto, yeye keshafika kwenye sinki. "Acha mama, nitafanya." Asubuhi nakuta soksi zimeanikwa na najua si mtoto aliyezifua. Wiki iliyopita jirani akaninong'oneza (habari za madada huku kwetu zinapita ukutani) kwamba anaulizia kazi kwingine, eti mama anawafundisha watoto kazi ili amwondoe. Sijawahi kuwaza hivyo hata siku moja. Nilimwita nikamweleza, akaitikia "sawa mama" macho yakiwa sakafuni, na asubuhi kitanda cha mkubwa kilikuwa kimeshatandikwa, mwenyewe bado yuko bafuni.

Baba yao kaja na dawa yake, shilingi 500 kwa kila siku ya vyombo. Mdogo akauliza kufagia sebule ni bei gani. Hilo soko nililifunga siku hiyohiyo. Shemeji naye akanitania kwamba nitashtakiwa kwa kutumikisha watoto. Nikamwambia akasome vizuri, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa na mtoto wajibu wake kwenye familia.

Sasa nishauri. Mwanangu nimwombe radhi, au nikimwomba nitakuwa nimempa sababu ya kudumu ya kukwepa? Na dada nimwambie nini akaniamini? Nimewaza nimfanye yeye ndiye mwalimu wao na nimwongezee kidogo kwenye mshahara, lakini naogopa ataona nimempa kazi juu ya kazi, kwa sababu kumsimamia mtoto anayeosha sufuria kunachosha kuliko kuiosha. Na ule ukoko, Shangazi, niufumbie macho kweli?

Naandika hapa saa nne usiku. Sufuria iko kwenye sinki tangu tulipomaliza kula, na wote watatu tunasubiriana.

Mama wa wawili,
Tabata