Anti, kwenye jiwe nashuka na kamba vizuri tu, kwenye ghorofa nashindwa

Anti shikamoo, na wasomaji wote habari zenu. Mi ni kijana wa Mwanza, nakaa Nyegezi, thelathini bado sijafika, nimesomea ujenzi na kazi ninayo kwa hiyo sijaja hapa kulilia ajira. Shida yangu ni kwamba naogopa sana kuwa juu, naogopa kupita maelezo, na kazi yangu kila mwezi inazidi kupanda.

Najua kuna mtu kashaanza kucheka, mtu wa Mwanza anaogopaje juu wakati nusu ya mji imejengwa kwenye mawe, nenda Bugarika, nenda Igogo, nenda Mabatini, watu wanapandisha ndoo za maji kichwani kwenye vichochoro ambavyo mbuzi mwenyewe anafikiria mara mbili. Ila kupanda mlima na kusimama ukingoni ni vitu viwili tofauti kabisa. Hapa tulipo tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na sijawahi kusikia mtu kapata kizunguzungu akinunua dagaa Mwaloni. Kuna jamaa yangu kapanda Kilimanjaro, mita 5,895, karudi analalamikia baridi na kichwa kuuma, basi, woga wala hauzungumzii. Mi kinachonimaliza ni ule ukingo, pale ukiangalia vidole vyako vya miguu halafu baada ya hapo ni hewa tupu mpaka chini. Ikifika hapo magoti yanakuwa mlenda, viganja vinatoka maji, na nahisi kabisa kuna kitu kinanivuta kwa mbele, sijui kama kuna wenzangu wanaipata hiyo.

Hata lile daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, watu wanapita wanajirekodi video, mi kwenye basi natafuta siti ya katikati na namkamata aliye karibu namuuliza bei ya mihogo Sengerema mpaka zile kilometa tatu ziishe. Wenzangu wanasema wanakimisi kivuko, hata mimi nakimisi, kivuko kiko chini.

Sasa kazini. Tunajenga ghorofa, sitaitaja kampuni. Wakati tupo kwenye msingi na ghorofa ya kwanza nilikuwa naheshimika, vipimo vyangu viko sawa, michoro naisoma vizuri. Saa hizi tuko juu na kabla zege halijamwagwa kuna mtu lazima apite juu ya shata, zile mbao zinazoshikilia zege mpaka likauke, aangalie nondo, nafasi kati ya nondo na nondo, vile vitofali vya kuinulia nondo vipo au havipo, mbao za pembeni zimekazwa au zimewekwa tu, na huyo mtu ni mimi. Basi nikatafuta ujanja. Kokoto zikija mi ndo wa kwanza kukimbilia kuzipokea, saruji stoo nahesabu mpaka mtunza stoo anaanza kunishangaa, na huko juu namtuma saidia fundi mmoja kijana mzuri sana anapiga picha na simu yangu, namwambia sogea kulia, karibisha, weka futi hapo, na picha zinatoka safi kweli. Mpaka siku fomeni aliponiuliza mbele za watu, "Injinia, hizi nondo wewe unazionaga kwenye kioo tu?" Mafundi walicheka mpaka mchana.

Ndo mtu mmoja wa mtaani akaniingiza kwenye kikundi chao, vijana wanaopenda kutembea milimani na kushuka mawe kwa kamba, wanaendaga upande wa Luchelele kule kwenye mawe ya karibu na ziwa. Nikaenda nikiwa na mpango wa kubeba maji tu, kweli tena. Kiongozi wao ni mtu mtaratibu, hakunilazimisha, alinikalisha chini akanifundisha vifaa kwanza, mkanda unapita kiunoni na mapajani, helmeti, karabina, kile kipete cha chuma cha kuungia kamba, ile ya kufunga kwa kuzungusha na ukishafunga unaibinya uone kama inafunguka, kile chuma chenye umbo la nane ambacho kamba inapita ndani yake, na mkono wa kulia unakaa chini ya nyonga umeshika kamba hauachii hata ukipiga chafya. Halafu kuna kamba ya pili imeshikwa na mtu mwingine juu, ukikosea wewe yeye anakuzuia. Hilo la kamba ya pili ndo lilinishawishi.

Jiwe la kwanza lilikuwa fupi, nadhani nyumba ya kawaida tu na bati lake. Nikageuka mgongo kwa ziwa, nikasogea mpaka visigino viko ukingoni, na hapo Anti nikagundua kitu ambacho mpaka leo nakiwaza. Mwili wenyewe unakwambia likumbatie jiwe, jibane nalo kifua kwa kifua, na ukilikumbatia ndo miguu inateleza maana uzito wote unaangalia chini. Inabidi uegemee nyuma kabisa kwenye hewa, yaani kule kule unakokuogopa, unakaa kama umekalia kiti, miguu imepanuka na nyayo zimelala bapa kwenye jiwe, hapo ndo zinashika. Na mawe yetu haya ya granaiti yakiwa makavu yanakwaruza kama msasa, yanashika vizuri, ila yakilowa mvua usithubutu. Nilikaa pale juu muda mrefu nikiangalia mjusi, wale dume kichwa chekundu mwili bluu ambao wataalamu wamewapa jina la mji wetu, Agama mwanzae, anapanda anashuka ukutani wala hajali, nikamwonea wivu. Mwisho nikaegemea. Kamba ikakaza, ikanishika, na woga ukashuka, haukuisha lakini ulishuka nausikia. Nilipofika chini nikaomba kurudia, hata mimi sikuamini mdomo wangu.

Toka hapo naenda wikiendi nikipata nafasi. Saa hizi nashuka mawe marefu kuliko lile, naweza kusimama nusu ya jiwe nikaangalia boti za dagaa na nikapiga stori na walio juu. Kiongozi anasema tukichanga vizuri twende Manyara kwenye ile njia ya kamba inayopita juu ya miti, mita 370, na mi nimeshaanza kuchanga. Nikawa najiona nimepona.

Kumbe wapi. Jumatatu nimefika saiti kifua mbele, nikapanda ngazi ya mirunda, nilipotoa kichwa tu kwenye slabu, ile sakafu ya zege ya juu, nikaona upande ambao hauna ukuta wala kizuizi, yale yale, magoti yamekwisha, nikarudi chini nikasema nimesahau futi. Futi iko mfukoni. Sasa hiyo ndo inayonichanganya, jiwe la Luchelele ni refu kuliko ile slabu na pale sitetemeki!

Dada yangu mmoja mtoto wa baba mkubwa ni nesi, nikamweleza. Akasema mwili unajua umesimama sawa kwa kutumia macho, masikio ya ndani na nyayo, ukiwa juu na hakuna kitu cha karibu macho yanakosa pa kujishikiza ndo unaanza kuyumba na ukiyumba unaogopa zaidi. Kwenye jiwe nina jiwe lenyewe usoni na kamba kiunoni, kwenye slabu sina hata kimoja. Akasema pia kwamba woga ukizoeshwa sehemu moja sio lazima ukuache sehemu nyingine, inabidi nizoee pale pale saiti, ghorofa ya kwanza nikae mpaka moyo utulie wenyewe, nisiondoke wakati unadunda maana nikikimbia ukiwa juu nimeufundisha kwamba kukimbia ndo dawa, nikishatulia ndo nipande ya pili. Maneno mazuri, ila saiti nani atanipa muda huo, slabu haimsubiri mtu aliyekuja kuzoea. Mafundi wao wana ushauri wao, piga toti moja asubuhi utaona juu na chini ni sawa. Hao siwasikilizi, mtu aliyelewa juu ya shata simtaki hata kwenye slabu ya jirani.

Kuna jambo lingine. Mikanda ya usalama ipo stoo, nimeiona mwenyewe bado iko kwenye nailoni, na hakuna anayeivaa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo toka 2003 ila pale ukivaa mkanda wewe ni mwoga. Mi nahisi kabisa nikijifunga mkanda na kamba kwenye nguzo ningeweza kutembea ile slabu yote, maana nimeshaona mwili wangu unaiamini kamba. Lakini injinia aliyejifunga kama mbuzi wa kafara wakati saidia fundi anatembea kwenye bimu na ndala, Anti hebu niambie nitawaangaliaje. Ingawa ukiniuliza kwa akili timamu hao wenye ndala ndo wa kuonewa huruma.

Kwa hiyo naomba mnisaidie. Nimweleze bosi ukweli, nikijua anaweza kunihamishia ofisini kujaza makaratasi na huko mshahara ni mwingine? Au nivae ule mkanda na wacheke wakichoka wataacha? Au niombe ruhusa niwe nabaki jioni watu wakishaondoka nifanye zoezi la dada yangu ghorofa kwa ghorofa, na kama ni hivyo si ni hatari nikiwa peke yangu? Luchelele siachi, hilo msinishauri, mama kashajaribu.

Slabu ya tano inamwagwa mwisho wa mwezi na fomeni kashasema safari hii picha za simu hapokei. Majibu yaje kabla ya hapo tafadhali, na kama kuna fundi alikuwa kama mimi akaacha kuogopa aniambie alianzia ghorofa ya ngapi na alikuwa amejifunga wapi. Wabeja sana.

Ni mimi wa Nyegezi, jina kapuni.