Barua ya wazi kwa mdogo wangu: michembe haianikwi Novemba

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei tangu siku ile ya Makoroboi, uliposoma riwaya yako mbele za watu nami nikaikosoa, basi nakuandikia hapa hapa, na wengine wasome.

Muswada wako mzuri. Yule mama anavyomkemea mwanawe huku akimfunga vifungo vya shati, hapo umeniweza. Lakini ukurasa wa 41 umenikaa kooni. Majeshi ya Amin yamevuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu amelihutubia taifa tarehe 2 Novemba, kijana kaitwa vitani pamoja na wanamgambo wenzake. Mama anachimba viazi vitamu, anavikata, anavianika juu ya mawe, kesho yake anamfungia michembe, yaani vipande vya viazi vilivyokaushwa. Novemba, na mvua hizo! Michembe ni kazi ya kiangazi. Viazi vinamenywa, vinaachwa vinyauke, vinakatwa vyembamba, ndipo vinaanikwa siku kadhaa za jua kali. Vikinyeshewa vinaota ukungu na kuchacha, na ukivitia kihengeni hivyo hivyo vinaharibu hata vilivyokauka.

Halafu michembe ya nini? Ile hukaushwa mibichi, lazima ipikwe. Mtu aliyebanana na wenzake juu ya lori kwenda vitani Kyaka atainjika wapi sufuria? Mpe matobolwa. Yale huchemshwa kwanza, ndipo yakakatwa na kukaushwa. Atatafuna na maji, basi.

Na matobolwa ya Novemba yanatoka wapi? Kihengeni, akiba ya wadogo zake watatu. Hadithi ulikuwa nayo mkononi, ukaikimbia! Tuseme yamebaki madebe matatu, mama akampa mwanawe nusu debe. Viazi vinavyopandwa na mvua hizi havichimbwi kabla ya Machi au Aprili. Basi ataanza kupima kwa bakuli, kisha bakuli lisijae, kisha jioni aseme tumbo linamsumbua, watoto wale tu. Wewe umemliza kurasa tatu nzima.

Uliniambia nasoma kama mkaguzi wa ghala. Sawa. Lakini bibi wa Magu au Sengerema akifika hapo atakicheka kitabu, na jina lililo juu yake si langu. Nilisema mbele za watu kwa sababu ulisoma mbele za watu. Ningenyamaza, leo ungekuwa unalalamika kwamba niliona nikakuacha.

Mengine madogo. Mwaka 1978 mkoa ule uliitwa Ziwa Magharibi, si Kagera. Na ndege ya Walibya, waliomsaidia Amin, iliyotumwa kuipiga Mwanza Machi 1979 haikuchoma soko. Makombora yaliangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Kwa hiyo yule muuza dagaa wako mwache hai, nampenda.

Nakala yangu ina penseli pembeni, ukurasa wa 41 hadi 46. Kama hutaki kupanda huku Bugando mwenyewe, mtume mwanao Jumamosi. Na aje na ungo wangu.