Yah: Makosa ya kubadili vipimo vya uzito katika kitabu chenu cha mazoezi ya hisabati

Mhariri Mkuu,
Idara ya Vitabu vya Hisabati.

Ndugu Mhariri,

Sisi ni walimu tunaotumia kitabu hiki darasani, na tunalalamikia sura ya vipimo vya uzito. Maswali yake ni mazuri. Majibu ya mwisho wa kitabu ndiyo yanayoharibu: mwanafunzi aliyekokotoa sawasawa anaambiwa amekosa.

Kosa linalojirudia zaidi ni la nafasi za desimali. Mmeandika kuwa kilo 3 na gramu 45 ni kilo 3.45. Sivyo. Kilo moja ina gramu 1,000, kwa hiyo gramu huchukua nafasi tatu baada ya nukta: 45 ÷ 1,000 = 0.045, na jibu ni kilo 3.045. Hiyo 3.45 ni kilo 3 na gramu 450, yaani gramu 405 zaidi. Kosa la aina hii hujificha pale gramu zinapokuwa na tarakimu tatu, kama 450 au 275, na mifano yenu yote iliyotatuliwa ni ya namna hiyo. Hakuna hata mmoja unaomwonyesha mwanafunzi sifuri ile inatoka wapi.

Kuna pia swali la pakiti 75, kila moja wakia 14. Mmekata wakia kuwa gramu 28 tangu hatua ya kwanza, mkapata gramu 392 kwa pakiti na kilo 29.4 kwa jumla. Wakia moja ni gramu 28.3495. Ikiachwa hivyo mpaka mwisho, 28.3495 × 14 × 75 inatoa gramu 29,767, kama kilo 29.77. Zimepotea gramu 367, karibu pakiti nzima, kwa sababu kile kipande kidogo mlichokitupa kilikuwa kinazidishwa mara 1,050. Desimali hukatwa mara moja tu, kwenye jibu la mwisho.

La tatu linatusikitisha zaidi, maana linafundisha dhana potofu. Mmesema lita 5 za mafuta ya kula ni kilo 5. Lita hupima ujazo, kilo hupima uzito. Kwa maji huwa karibu sawa. Mafuta ya kula, lita moja ina kama kilo 0.92, hivyo lita 5 ni kama kilo 4.6. Tena swali linalofuata linataka kilo 5 za mafuta zimiminwe kwenye dumu la lita 5. 5 ÷ 0.92 ni lita 5.4. Yatamwagika.

Na "tani" isemwe ni ipi: ya kilo 1,000, ya Marekani ya kilo 907, au ya zamani ya Uingereza ya kilo 1,016.

Tunaomba majibu ya sura nzima yakokotolewe upya, na kila mstari uandikwe pamoja na kipimo chake: gramu 3,045 × kilo 1 ÷ gramu 1,000. Gramu zikifutana, mwanafunzi anaona mwenyewe kuwa hapa ni kugawanya. Ongezeni mfano wa kilo 3 na gramu 5, ambayo ni 3.005. Toeni karatasi ya masahihisho mapema, na nakala zilizobaki ghalani zisiuzwe bila karatasi hiyo ndani yake.

Wenu,
Walimu wa Hisabati