Mla nyama wa Tendaguru naye atajwe

Mhariri,

Kila unapozuka mjadala kuhusu mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, kilima kilichoko Lindi, na kupelekwa Ujerumani, iwe bungeni hapa Dodoma au katika kurasa za gazeti lako, anayetajwa ni yule mla majani mkubwa aliyesimamishwa katika makumbusho ya Berlin mwaka 1937, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Ni fahari ya Lindi na ya nchi nzima, na sina neno juu yake. Ninachoomba ni kwamba wanyama waliowawinda wala majani wa pale nao wapewe nafasi, kwa kuwa wanafunzi ninaowafundisha huwadhania kuwa ni majitu yenye hasira, yaliyonguruma na kuua usiku na mchana.

Mifupa inasimulia mengine. Mla nyama wa kipindi cha Jurasiki anayefahamika vizuri kuliko wote ni Allosaurus wa Marekani, aliyepewa jina hilo na mtaalamu wa visukuku Othniel Charles Marsh mwaka 1877, ambaye aliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita, yaani karibu sawa na wanyama wa Tendaguru. Wengi walifikia urefu wa mita 8 hadi 9, wakiwa na kucha tatu zilizopinda katika kila mkono na meno bapa yenye kingo za msumeno, ambayo yaling'oka na kuota mapya maisha yao yote. Uchunguzi wa fuvu lake uliotolewa mwaka 2001 ulionyesha kuwa nguvu ya taya zake haikuifikia ile ya mamba, ilhali fuvu lenyewe liliweza kuhimili mshindo mkubwa kupita nguvu ya taya hizo. Kazi yake, basi, ilikuwa kukata na kuchana nyama kuliko kuponda mifupa, na misuli ya shingo yake inaelekeza kwamba alikita meno kisha akavuta kichwa kwa nyuma, kama afanyavyo kipanga.

Uwindaji huo haukuwa rahisi hata kidogo. Ipo pingili ya mkia wa Allosaurus yenye jeraha linalolingana na mwiba wa mkiani mwa Stegosaurus, mla majani mwenye mabamba mgongoni, na lipo bamba la Stegosaurus lenye pengo linaloshabihi kinywa cha Allosaurus. Allosaurus mmoja aliyegunduliwa Wyoming, Marekani, mwaka 1991, ambaye hakuwa hata amekomaa, alikutwa na mifupa 19 yenye dalili za kuvunjika au kuoza kwa maradhi, ukiwamo wa kidole cha mguu ambacho bila shaka kilimtesa kila alipokanyaga. Mnyama wa namna hiyo hakuudharau mzoga. Wala majani wa zama zile walikuwa na uzito wa tani nyingi, na mmoja akifa kwa ukame au kwa uzee aliwalisha wengi kwa muda mrefu. Huko Colorado, watafiti walieleza mwaka 2020 kuwa zaidi ya robo ya mifupa ya machimbo mamoja ina alama za meno, na baadhi ya mifupa hiyo ni ya Allosaurus wenyewe. Wapo wanaobishana kama alikuwa mwindaji au mla mizoga. Kwa maoni yangu ubishi huo hauna tija, maana simba na fisi wa Ruaha hufanya yote mawili.

Tendaguru ilikuwa nchi ya pwani yenye vidimbwi vya maji ya bahari, huku misonobari na kangaga zikiota barani. Nyasi hazikuwapo bado. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wachimbaji wetu, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, walitoa pale zaidi ya tani 200 za mifupa, lakini mabaki ya wala nyama wakubwa ni meno na vipande vichache tu. Ndivyo inavyotarajiwa, kwani mwindaji mmoja huhitaji mawindo mengi ili aishi. Mwaka 1925 mtaalamu wa Kijerumani Werner Janensch aliupa mfupa mmoja wa muundi jina la Allosaurus tendagurensis, ingawa wataalamu wa baadaye hawakukubali kuwa ni Allosaurus halisi. Mwaka 2011 pingili za mkia kutoka kilima hicho hicho zilipewa jina la Veterupristisaurus, naye ni wa ukoo unaohusiana na Allosaurus.

Kwa hiyo naiomba Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, yenye makao makuu hapa Dodoma, ishirikiane na Makumbusho ya Taifa kuomba nakala za plasta za meno na pingili hizo, ili shule zetu zizione. Ninawaomba pia wote watakaoketi kuzungumza na Berlin kuhusu mifupa hii, waviandike vipande hivi vidogo katika orodha yao kwa majina yake.

Mwalimu wa Baiolojia,
Nkuhungu, Dodoma