Bunduki ya masafa marefu ianze na pete, darubini ifuate

Mhariri,

Msimu wa uwindaji unafunguliwa Julai, na kila ukikaribia, wenye leseni hapa Tabora huuliza swali lile lile dukani: darubini ya mara ngapi? Muuzaji hujibu kwa kutaja namba kubwa aliyo nayo. Mnunuzi hutoa fedha nyingi kwa darubini ya mara 6 hadi 24, kisha huifunga kwa pete za bei ya soda, zile zinazoshika bomba la darubini, na reli, kile kipande cha juu ya bunduki kinachobeba pete, iliyokazwa kwa nguvu ya mkono. Oktoba bunduki inapiga pembeni na lawama inaangukia risasi. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini mpangilio huo umegeuzwa, maana gharama yake hulipwa na mnyama anayekimbia na jeraha.

La kwanza ni umbali wenyewe. Sehemu kubwa ya mkoa wetu ni miombo. Katikati ya miombo hiyo, kongoni au swala korongo huonekana kwa mita 80, 100, pengine 150, halafu miti inafunga. Nafasi ndefu zipo kwenye mbuga za mafuriko na kingo za mabwawa. Huko Moyowosi, upande wa Kigoma, nzohe, swala wa majimajini, hutokea ng'ambo ya mafunjo na mwindaji huwa juu ya jukwaa mtini, mita 200 na zaidi. Kwa mnyama hai mimi naweka mpaka mita 300. Risasi ya .308 huchukua zaidi kidogo ya robo tatu ya sekunde kufika mita 500, na mnyama akiinua mguu mmoja ndani ya muda huo, risasi iliyolengwa moyoni inaingia tumboni. Masafa ya mita 500 na kuendelea yabaki kwenye uwanja wa shabaha, mbele ya karatasi na bamba la chuma.

Kaliba, yaani ukubwa na aina ya risasi ya bunduki, ichaguliwe kwa kuangalia risasi zinazopatikana mwaka mzima. .308 na .30-06 hazina aibu hata kidogo. 6.5 Creedmoor, iliyotoka mwaka 2007, hupiga teke dogo na kichwa chake kirefu, ile sehemu ya risasi inayoruka, hupasua upepo vizuri kuliko hizo mbili, ila ni hasara ukiwa na bunduki nzuri na boksi moja la risasi lisilo na mwenzake. Nyati asihesabiwe humu: huyo anadai .375 na ukaribu.

Kwenye mtutu, watu hutazama urefu wakasahau msokoto, ile michirizi ya ndani inayoizungusha risasi. Kila inchi inayoongezeka kwenye .308 huleta takriban mita 6 hadi 8 tu kwa sekunde, kwa hiyo mtutu wa inchi 22 hadi 24 unatosha, na ukiuzidisha unabeba uzito na kunasa matawi. Msokoto ndio unaoamua kichwa kipi kitatulia angani. Mtutu wa .308 wenye mzunguko mmoja kwa inchi 10 hubeba kichwa cha greni 175 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa) bila shida. 6.5 Creedmoor inataka mzunguko mmoja kwa inchi 8 kwa vichwa vya greni 140. Kichwa kirefu kikipita kwenye msokoto wa polepole huyumba, na dalili yake ni tundu la mviringo mrefu kwenye karatasi badala ya tundu la duara. Ukiliona hilo, acha kugusa darubini; badilisha risasi. Na anayetaka kubadilisha mtutu kwenda kaliba nyingine aanzie kwa polisi waliompa leseni, kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kisha kwa fundi wa silaha mwenye kibali. Kazi hiyo haifanywi uani.

Kitako nacho kina neno lake. Pitisha noti ya shilingi elfu moja kati ya mtutu na mbao, kuanzia mbele hadi karibu na chemba, chumba cha risasi. Ikikwama, mtutu unaguswa, na kila ukipata moto unasukumwa upande. Mbao, iwe mninga au walnati, hunywa unyevu. Bunduki iliyorekebishwa Septemba kwenye ukavu inaweza kuhama yenyewe mvua za Novemba zikianza. Dawa ni fundi kuongeza nafasi, na kulaza chuma ndani ya kitako kwa epoksi ili kikae palepale kila kinapofungwa. Kitako cha plastiki ngumu au cha nyuzi za kioo hakina tatizo la unyevu, ingawa sura yake haipendezi wazee wetu.

Sasa nifike kwenye pete na reli, ambako bunduki nyingi huharibikia. Reli na pete ziwe za chuma au aluminiamu iliyochongwa na mashine, za mtengenezaji mmoja ikiwezekana, na kipenyo cha pete kilingane na bomba la darubini: inchi moja, yaani milimita 25.4, au milimita 30, au 34. Pete ya 30 iliyojazwa utepe ili ishike bomba la inchi moja haifai hata siku moja. Safisha skrubu na matundu ya reli kwa spiriti, kwa sababu mafuta hufanya skrubu ikaze kupita kiasi bila mkono kuhisi. Weka tone la gundi ya skrubu kwenye reli tu. Kwenye pete usiweke. Gundi mbichi huteleza kama mafuta, na kipimo ulichosoma kwenye spana si mkazo halisi tena. Kwa pete nyingi mkazo ni kati ya Nyutoni-mita 1.7 na 2, kwa skrubu za reli ni 2.3 hadi 2.8 hivi, lakini karatasi ya mtengenezaji ndiyo yenye kauli ya mwisho. Kaza kwa zamu, kwa mshazari, ukiangalia nafasi kati ya nusu ya juu na ya chini ya pete ibaki sawa pande zote mbili. Gurudumu la kukuzia likiwa gumu kuzungushwa baada ya kufunga, umelibana bomba. Legeza mara moja. Bolti (komeo la bunduki) ikikataa kufunga vizuri baada ya kuweka reli, skrubu ya mbele kabisa ni ndefu na inagusa ndani.

Spana ya kupimia mkazo si anasa. Bei yake ni ndogo kuliko maboksi machache ya risasi yatakayopotea bure ukiikosa. Nawaomba wauzaji wa silaha mkoani wawe nayo dukani na wafunge darubini mbele ya mteja.

Msalaba wa darubini usimame wima kweli. Ning'iniza uzi wenye jiwe umbali wa mita 50, shikilia bunduki ikiwa imelala sawa, linganisha mstari wa wima na uzi, ndipo ukaze. Kwa mita 500 risasi ya .308 iliyowekwa sawa kwa mita 100 hushuka takriban mita 2. Bunduki ikiinama nyuzi 3 tu, ambazo jicho halizioni, risasi inaangukia pembeni zaidi ya sentimita 10.

Kuhusu ukuzaji, hesabu ni rahisi na kila mnunuzi aifanye kabla ya kutoa fedha. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, upate upana wa mwanga unaofika jichoni. Lenzi ya milimita 50 kwa mara 10 inatoa milimita 5. Lenzi hiyohiyo kwa mara 24 inatoa kama 2, na jioni, saa ile kuro anatoka majini, utaona kiza. Adhuhuri ya Septemba hali ni mbaya kwa namna nyingine: mazigazi yanachemka juu ya ardhi na ukuzaji mkubwa unayakuza nayo, shabaha ikacheza hata usijue ukingo wake uko wapi. Darubini ya mara 3 hadi 15, au ya 2.5 hadi 10 kwa anayekaa miombo tu, inatosha kabisa. Umbali wa jicho hadi lenzi ya nyuma usipungue sentimita 9, la sivyo teke litakuachia alama kwenye paji la uso.

Vitufe vya kurekebishia darubini na msalaba viongee lugha moja. Msalaba wa mili na vitufe vya moa, vipimo viwili tofauti vya pembe, humlazimu mtu kupiga hesabu huku mnyama anasubiri. Mili 1 ni sentimita 10 kwa mita 100, na kliki (hatua moja ya kitufe) ya mili 0.1 ni sentimita 1. Kwa sisi tuliozoea mita, hicho ndicho kipimo cha kuchukua. Mstari wa msalaba ukiwa mbele ya lenzi za kukuzia, alama zake ni sahihi kwa kila ukuzaji. Ukiwa nyuma ya lenzi hizo, ni sahihi kwa ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa, na wengi hawaambiwi. Paralaksi, yaani msalaba kuonekana kuhama jicho likisogea, nayo irekebishwe: sogeza kichwa kidogo bila kugusa bunduki, na msalaba ukitembea juu ya shabaha, zungusha kitufe cha pembeni hadi utulie.

Kisha pima kama vitufe vinasema kweli. Kwenye uwanja, mita 100 zilizopimwa kwa utepe, simamisha karatasi ndefu, piga risasi tatu, panda mili 5, piga tatu nyingine ukilenga alama ileile ya chini. Makundi mawili yaachane sentimita 50. Yakiachana 47 au 53, darubini inadanganya, na kwa mita 500 uongo huo unafikia sentimita 10 na ushee. Rudisha kitufe sifuri na uhakikishe kundi la mwisho limeangukia juu ya la kwanza. Acha mtutu upoe kati ya makundi.

Jedwali la mshuko lililochapishwa kwenye boksi la risasi limetengenezwa aghalabu kwa hewa ya usawa wa bahari. Tabora iko mita 1,200 hivi juu yake, na kwa joto la nyuzi 30 hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 18. Kwa mita 500 risasi itapiga juu ya jedwali kwa zaidi ya sentimita 10. Ingiza mwinuko na joto la hapa kwenye programu ya simu, kisha thibitisha kwa risasi halisi. Boksi lisikae kwenye dashibodi. Baruti iliyopata moto huongeza kasi, na mahesabu yote yanahama.

Mwisho, nunua kipima umbali cha leza kabla ya kuongeza ukuzaji. Anayekisia mita 500 kumbe ni 550 anakosea kwa sentimita 35 hivi, na hakuna lenzi itakayomwokoa. Upepo wa kawaida wa mita 4 hadi 5 kwa sekunde ukitoka ubavuni unasukuma .308 kama sentimita 60 kwa umbali huo. Huo haupimwi na leza. Tazama nyasi zilizo katikati ya safari ya risasi, na si zile za miguuni pako peke yake.

Msomaji wenu,
Kata ya Cheyo, Tabora