Barua ya wazi kwa mkubwa wa elimu: kabla hamjamfukuza mwanangu, zisomeni barua zangu tatu

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum. Jina lako silitaji, wala la shule silitaji. Lamu ni mji mdogo, kila anayehusika atajijua. Mimi ni mwanamke wa Langoni, kazi yangu kushona kofia. Barua hii ni ya nne. Tatu za kwanza nilizileta kwa mkono, karani akazigonga muhuri wa kupokea mbele yangu, na nakala zake nimeziweka ndani ya kasha pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mwanangu na cheti cha kifo cha babake. Hii naiandika hadharani kwa sababu zile za faragha sijui kama zilisomwa na kiumbe yeyote.

Jumatatu ya wiki iliyopita, baada ya alasiri, mwanangu wa gredi ya 9 alimpiga mwenzake kwa kipande cha boriti pale pwani. Mara ya kwanza begani, mara ya pili usoni. Yule kijana alibebwa kwa mkokoteni hadi hospitali, na kesho yake akapelekwa Mombasa, taya limevunjika. Angempiga inchi mbili juu zaidi, tungekuwa tunazungumza habari za sanda.

Sitaki kumtakasa mwanangu. Alilolifanya ni kosa mbele ya sheria na ni dhambi mbele ya Mungu. Nilimpeleka kituoni mwenyewe, nikamshika mkono njia nzima, na afisa wa watoto ameshaandika maneno yake. Hilo lina mkondo wake na siliombei njia ya mkato. Ninachokuomba ni kingine, na nitakirudia mpaka kisikike: Alhamisi hii bodi ya shule inakaa kuamua kama mwanangu afukuzwe. Zile barua tatu zisomwe mezani kabla hamjaamua.

Nieleze kilichomo, maana huenda zimepotea.

Babake mwanangu alikuwa teja, mraibu wa dawa za kulevya. Naliandika neno hilo kwa sababu ndilo mwanangu aliloitwa tangu gredi ya 7: "mwana wa teja". Hakuitwa tena kwa jina lake. Mume wangu alikuwa baharia hodari kabla ya unga kumchukua, na unga umewachukua vijana wengi wa pwani hii, kutoka hapa mpaka Malindi na Mombasa, watoto wa wenye nacho na wa wasio nacho. Alikuwa akisimama pembeni mwa njia akiwa amelewa, ameinama, kichwa kinashuka taratibu hadi magotini. Mji mzima ulimwona. Watu wazima barazani walicheka. Hata mimi, Mungu anisamehe, niliwahi kumcheka teja wa mwanamke mwingine kabla sijapata wangu.

Waliokuwa wakimdhihaki walikuwa vijana wanne, na yule aliyepigwa ni mmoja wao. Kila asubuhi mmoja wao alisimama mlangoni mwa darasa, akainama vile vile, polepole, ulimi nje, na darasa zima likaangua kicheko mwanangu anapoingia. Kila asubuhi, Mheshimiwa. Hesabu siku za masomo za miaka miwili. Walimwagia maji kwenye begi wakasema ni dawa za babake. Walimpekua mifuko mbele ya wasichana wakitafuta sindano. Siku moja kilipotea kikokotoo cha mtu, na mwalimu, mwalimu mwenyewe, akasema tuanze na yule ambaye kwao wanajua kuiba. Kikokotoo kilipatikana chini ya dawati la mwenyewe. Hakuna aliyesema samahani.

Watu wa miji mingine huenda wakauliza, kwa nini asiwaepuke? Njoo utembee mitaa yetu. Huku vichochoro ni vya kupishana bega kwa bega, na punda akipita unajibana ukutani. Mtoto anayedhihakiwa shuleni saa nne, saa kumi na moja anakutana na wale wale njiani akitumwa mkate, magharibi yuko nao safu moja msikitini, na Jumamosi yuko nao chuoni kusoma Kurani. Hana pa kukimbilia. Sauti ikipigwa huku mwisho wa kichochoro inasikika kule. Mwanangu alifikia kupita njia ya nyuma, kwenye matope, maji yakiwa yamekupwa, ili tu afike nyumbani bila kuitwa.

Babake alifariki mwaka jana. Tulisoma khitma siku tatu. Siku ya tano nikamwambia mwanangu arudi shule, masomo yasimpite. Akasema, "Mama, yeo siendi." Nikamlazimisha. Kosa hilo ni langu na nitakufa nalo. Alipofika, ubaoni alikuta pamechorwa mtu aliyeinama, sindano mkononi, na chini yake kaburi. Mwalimu aliingia, akafuta ubao, akaanza somo la hesabu.

Hiyo ndiyo barua yangu ya pili, Mheshimiwa. Nilikuandikia usiku ule ule.

Nilipokwenda shuleni niliambiwa ni utani wa watoto. Niliambiwa nimfundishe mwanangu kuwa mwanamume. Mmoja akaniambia mstahimilivu hula mbivu. Mimi nashona kofia za vito, kofia moja hunichukua miezi, kitundu kimoja kimoja kwa sindano na uzi, kwa hiyo habari ya ustahimilivu sihitaji kufundishwa. Wazee wetu walisema pia mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini methali hiyo hakuna aliyeikumbuka siku hiyo. Kulikuwa na mwalimu mmoja tu, binti mdogo, aliyemhamisha mwanangu kiti akamweka karibu naye na kumuuliza kila siku ameamkaje. Alihamishwa muhula uliofuata. Mungu amlipe popote alipo.

Marehemu babangu alikuwa mvuvi. Alikuwa akisema dau haliendi chini kwa wimbi moja. Kalafati inayoziba mbao ikichakaa, maji huingia kidogo kidogo kwenye nyufa za mbao, na kwa kuwa yako chini, aliyekaa juu haoni. Lazima awepo mtu wa kufua maji. Asipokuwepo, hata wimbi la kawaida, lile ambalo siku zote chombo hulipanda, huzamisha. Naona ndivyo ilivyokuwa kwa mwanangu. Jumatatu ile hakuna jipya alilofanyiwa. Yule kijana aliinama tu mbele yake, ulimi nje, kama siku zote. Boriti zilikuwa karibu.

Na nyufa niliziona, sikuzijua. Alianza kuumwa tumbo kila Jumapili usiku. Akaacha kula na sisi. Akawa hasemi, kisha akawa anasema kwa ukali hata na dadake mdogo, ambaye hakumkosea kitu. Usiku nilimsikia akisaga meno. Nadhani aibu ikikaa sana kifuani bila mtu wa kuitoa, hugeuka ghadhabu. Mimi si daktari, lakini nimeishi nayo chumba kimoja.

Binti ya dadangu yuko chuo kikuu na amenisomea mambo ambayo ofisi yako inapaswa kuyajua kuliko mimi. Marekani, baada ya watoto kuuana shuleni kwa bunduki, idara inayomlinda rais wao pamoja na wizara yao ya elimu walichunguza mashambulizi 37 yaliyofanywa na vijana 41, wakatoa ripoti mwaka 2002. Karibu robo tatu ya vijana hao walijiona kuwa wameonewa, wametishwa au kuumizwa na wengine kabla ya siku ile. Na katika visa vingi kulikuwa na mtu aliyejua kabla kwamba jambo linapikwa. Ripoti haikusema kuonewa peke yake ndiko kunakozaa muuaji, na mimi sisemi hivyo. Watoto wengi huonewa na hawainui mkono kamwe. Huumia kimya kimya, wengine wakajidhuru wenyewe. Hao pia ni wako, Mheshimiwa.

Wala tusiende mbali. Mwezi wa Mei mwaka 1999, huko Nyeri, wanafunzi waliokuwa na kinyongo na viranja wao waliwafungia wanne chumbani usiku wakawachoma kwa petroli. Wote wanne walikufa. Nchi ililia, ikazungumza, ikasahau. Nani aliuliza kinyongo kile kilikua vipi mpaka kikawa moto?

Kuna waliouliza. Mwishoni mwa mwaka 1982, kaskazini mwa Norway, wavulana watatu walijiua baada ya kuonewa na wenzao. Wizara ya elimu ya kule haikusema ni utani. Mwaka 1983 ilianzisha kampeni katika nchi nzima: kanuni zilizo wazi darasani, mtu mzima awepo uwanjani wakati wa mapumziko, mwenye kuonea na mwenye kuonewa wazungumzishwe, wazazi waitwe. Katika shule za Bergen alizozifuatilia mtaalamu wao Dan Olweus, uonevu ulipungua karibu nusu. Haya yahitaji pesa gani? Mtu kusimama uwanjani saa nne ya mapumziko ni bajeti gani?

Sheria unayo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kutendewa kikatili au kudhalilishwa, kwa mwili au kwa akili, na mwenye kuivunja ana faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Katiba kifungu cha 53 inamkinga kila mtoto na kila aina ya ukatili. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure. Mimi niliijua juzi, kituoni, baada ya taya la mtu kuvunjika. Kwa nini haijaandikwa kwenye ukuta wa shule, pale ambapo pameandikwa majina ya waliochelewa?

Na ahadi ulitoa. Nilikuwepo. Ulisimama Mkunguni, mbele ya ngome, wazazi tumekaa chini ya miti, ukasema mtoto yeyote akionewa katika shule zako mlango wako uko wazi, mzazi asisubiri. Nilipiga makofi. Asubuhi yake nikaja na barua ya kwanza. Sikusubiri, Mheshimiwa, kama ulivyotuagiza. Karani akaniambia umesafiri. Ya pili akaniambia una mkutano. Ya tatu, nilikaa kwenye benchi kutoka saa mbili mpaka adhuhuri, nikakuona ukitoka, ukaniamkia vizuri sana, ukaniambia "tunalishughulikia, mama." Hiyo ilikuwa wiki sita kabla ya Jumatatu ile.

Sasa nikwambie jambo ambalo halimo katika barua yoyote. Kijana alipopelekwa Mombasa nilikwenda nyumbani kwa mamake. Nilitetemeka magoti. Nilisoma naye chuoni tukiwa wadogo. Alifungua mlango, akanitazama muda mrefu, kisha akanipisha niingie. Tulilia. Halafu akaniuliza mwanangu alikuwa na nini na mwanawe. Nikamweleza. Alinyamaza, akasema, "Hakuna aliyeniambia. Miaka miwili, hakuna mtu aliyeniita." Akaniambia kwamba mwanawe hupigwa sana na mjomba wake, nyumba aliyolelewa baada ya yeye kuachika, na kwamba pengine anayapeleka shuleni yale anayoyapokea nyumbani. Sijui. Yeye pia hajui. Lakini barua yangu ya kwanza ingejibiwa, sisi wawili tungekuwa tumekalishwa chumba kimoja mwaka jana, na mwanawe leo angekuwa anakula chakula badala ya kunywa uji kwa mrija. Mwanangu ndiye aliyemvunja. Lakini wale waliokuwa na muhuri na hawakuwa na jibu, wao nao wana sehemu yao.

Kumfukuza mwanangu ni rahisi. Atakaa nyumbani, kisha atatoka nje, na huko pwani inajulikana atapokewa na akina nani, maana ndio hao waliompokea babake. Wale watatu waliobaki watatafuta mwingine wa kuinamiwa mlangoni. Labda tayari wamempata.

Mpeni adhabu. Afanye kazi, aombe radhi mbele ya shule nzima, tugawane gharama za matibabu. Nimeshauza cherehani na kofia mbili zilizokuwa tayari. Lakini msihukumu dakika moja ya Jumatatu mkaiacha miaka miwili iliyotangulia. Zisomeni barua. Sikuombi kazi, sikuombi karo, sikuombi huruma. Zisomwe kwa sauti, zote tatu, pamoja na tarehe za muhuri, mbele ya bodi na mbele ya walimu waliotajwa humo.

Alhamisi saa nne asubuhi nitakuwa nje ya mlango wa mkutano na nakala zangu. Mama wa yule kijana amesema, akipata mtu wa kumwachia mgonjwa, atapanda basi la usiku kutoka Mombasa aje tukae pamoja. Tukiitwa tutaingia. Tusipoitwa, nitazisoma pale pale mlangoni.

Ni mimi,
Mama wa mtoto, Langoni, Lamu