Mabinti wawili wa Inverkip

Glasgow, Novemba 2025

Shoga yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, na goti la mama limeanza kupata nafuu. Mimi alhamdulillah, ila baridi imeshatia mguu na jua huku linazama saa kumi alasiri. Nikitoka kazini giza, nikiingia kazini giza.

Juzi kwenye simu uliniuliza siku hizi nasikiliza nini, nikakujibu "mambo ya wenyewe huku", kisha simu ikakatika. Jibu lile limenikera wiki nzima. Mimi na wewe hatukulelewa kuuzungumza muziki kwa mkato. Tumekulia Ngamiani, Tanga, watu wanakaa barazani mpaka usiku wakibishania ubeti mmoja wa Black Star, Shakila alikusudia nini na alikuwa anamsema nani. Basi kaa vizuri, leo nakujibu kama inavyostahili.

Kuna mabinti wawili, ndugu wa tumbo moja, Eva na Grace Tedeschi, wanaojiita The Cords. Eva anapiga gitaa na kuimba, Grace yuko kwenye dramu, na bendi ndiyo hiyo, imekwisha. Bado ni wadogo, umri wa watoto wa dada yako. Albamu yao ya kwanza, yenye jina lao wenyewe, ilitoka mwishoni mwa Septemba. Mara ya kwanza niliisikiliza nikitoka zamu ya usiku, mwili wote umechoka, nikafika nyumbani nikaianza tena upya kabla hata sijavua koti. Nyimbo ni fupi fupi. Gitaa linalia kama kengele za baiskeli kumi zikishuka mtelemko mmoja, dramu inapigwa kavu bila madoido, na juu yake sauti ya msichana anayeimba kama anavyoongea. Haijapakwa rangi yoyote. Unamsikia anavuta pumzi. Unasikia kwamba wapo wawili tu chumbani na kila mmoja anamtazama mwenzake ili waanze pamoja.

Sikuweza kuvumilia. Jumapili iliyofuata nikapanda treni Glasgow Central nikaenda kwao Inverkip, safari haifiki saa moja. Ni kijiji tu, kando ya Clyde pale mto unapopanuka ukawa bahari, mashua zimefungwa kwenye gati, mvua ya manyunyu. Sikwenda kumtafuta mtu, nilitaka kuona tu. Nikasimama pale nikiyatazama maji ya kijivu huku nyimbo zao zikinilia masikioni, nikakukumbuka wewe na ile redio kaseti yetu, tulivyokuwa tukimnyamazisha kila mtu ndani ili turekodi wimbo redioni bila kikohozi.

Santuri yao nimeinunua Monorail, duka ninalokwambia kila mara, lililo ndani ya mkahawa wa Mono katikati ya mji. Mmoja wa wenye duka ni Stephen McRobbie wa The Pastels, bendi ya Glasgow iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hapo ndipo mambo yananogea, shoga. Mwaka 1986 gazeti la muziki la NME lilitoa kanda ya nyimbo 22 za bendi ndogo ndogo zilizokuwa zikirekodi kwa pesa kidogo na lebo ndogo, yaani kampuni za kutoa santuri. Kanda hiyo iliitwa C86, na jina lake likageuka kuwa jina la mtindo mzima. The Pastels wamo. Kwa hiyo mtu aliyekuwamo kwenye kanda ile ndiye leo ana duka linalouza santuri ya mabinti ambao hata mama yao huenda wakati ule alikuwa bado mtoto. Kwetu tungesema kungwi na wari wake.

Na kungwi hayuko mmoja. Hapa Uingereza albamu ya The Cords imetolewa na Skep Wax, lebo ndogo iliyoko Kent, inayoendeshwa na mke na mume, Amelia Fletcher na Rob Pursey. Huyu Amelia nataka umjue. Mwaka 1986 alikuwa mwanafunzi Oxford, akaanzisha na wenzake bendi iitwayo Talulah Gosh, baadaye Heavenly. Wasichana mbele, gitaa za haraka, nyimbo tamu zenye maneno makali ndani, kama kanga yenye maua mazuri na jina la kumchoma mtu. Magazeti ya wakati ule mengi yaliwadharau, wakiitwa wa kitoto. Mchana mama huyu ni profesa wa uchumi, amewahi kuwa ofisa mkubwa wa serikali wa masuala ya ushindani wa biashara, na ametunukiwa nishani ya CBE. Kazi hizo zote, na gitaa hajaliweka chini. Kaka yake Mathew alikuwa mpiga dramu wao. Alifariki mwaka 1996 na bendi ikanyamaza kabisa. Miaka 27 baadaye, 2023, wakasimama tena jukwaani, na mwaka huu wametoa wimbo mpya. Nilipousikia nililia, nakwambia kweli. Kuna kitu katika sauti ya mtu aliyeimba akiwa na miaka 20 akarudi kuimba akiwa na mvi, na bado anaimba kama ana jambo la kukuambia.

Heavenly walikuwa chini ya Sarah Records ya Bristol. Hawa ndio niliotaka kukusimulia tangu zamani. Clare Wadd na Matt Haynes, vijana wawili, mwaka 1987 walianza kutoa santuri ndogo za inchi saba kutoka nyumbani kwao, kila moja na namba yake: Sarah 1, Sarah 2, wakaendelea hivyo. Bahasha wanajaza wenyewe, barua za mashabiki wanazijibu kwa mkono. Mwaka 1995 walipofika namba 100 wakafunga. Hawakufilisika wala hawakugombana na mtu, waliona hesabu imetimia. Wakafanya sherehe ya kuaga ndani ya meli iitwayo Thekla, iliyofungwa bandarini Bristol, ikawa basi. Mimi hadi leo sijapata kusikia biashara ya muziki iliyoondoka kwa adabu namna ile.

Nimekwenda mbali, lakini nilitaka uone kwamba ninaposema "albamu mpya" simaanishi kitu kilichodondoka kutoka mbinguni. Ukiwasikiliza The Cords unawasikia na hawa wote nyuma yao.

Sasa kuna mwingine, na huyu nina sababu zangu. Unakumbuka nilivyokuhadithia nilipoingia duka moja la santuri, mji mwingine, mwaka wangu wa kwanza huku? Kabla sijafungua mdomo muuzaji akanielekeza kwenye rafu za reggae, halafu za R&B. Nikamwambia natafuta Belle and Sebastian, bendi ya gitaa ya huku Glasgow. Akaniuliza, "Ni zawadi ya mtu?" Nilinunua, nikatoka, na maneno yale yakakaa kifuani kama mwiba.

Basi yupo binti anaitwa Rachel Chinouriri. Wazazi wake wanatoka Zimbabwe, yeye amekulia Croydon, kusini mwa London. Muziki wake ni indie ya wazi kabisa, mtindo huu huu wa bendi za gitaa niliokusimulia, gitaa na kiitikio cha kuimbwa na uwanja mzima, lakini kwa miaka mingi walimweka kwenye fungu la R&B kwa sababu tu wameona rangi yake. Mwaka 2022 aliandika waraka wa wazi akasema hapana, hayo siyo ninayoyafanya. Mei 2024 akatoa albamu yake ya kwanza, What a Devastating Turn of Events. Tazama jalada lake: nyumba za kawaida za mtaani zimetundikwa vibendera vya England, naye yupo hapohapo, mbele ya nyumba. Hajaomba ruhusa ya mtu. Nusu ya kwanza ya albamu inarukaruka, nyimbo za kudanganywa na wavulana na kukosa pesa, utacheka. Kisha unafika wimbo uliobeba jina la albamu, unaosimulia msiba wa ndugu yake kule Zimbabwe, na mapigo bado mepesi, miguu inataka kucheza huku moyo umeshika breki. Usiusikilize ukiwa dukani na wateja. Usubiri wakilala watoto. Aprili mwaka huu akaongeza kazi fupi, Little House, ya mtu aliyependa akapendwa, na baada ya yote yale nikafurahi kama vile ni mdogo wangu ameposwa.

Katika mlango huohuo alishapita Bakar, kijana wa Camden mwenye asili ya Tanzania na Yemen. Nilipoliona jina lile mara ya kwanza nikalisoma "Bakari", kama tunavyowaita wa kwetu.

Wakubwa nakugusia tu, maana hao utawakuta popote. Wet Leg wa Kisiwa cha Wight walitoa albamu ya pili Julai, ina nguvu na inapendeza, ile ya kwanza ya 2022 ndiyo naipenda zaidi. The Last Dinner Party wametoa ya pili Oktoba. Wanaimba kama wako kwenye opera, mavazi, vinanda, kila kitu. Mimi inanichosha kidogo lakini wewe, unavyopenda taarabu ya okestra kamili yenye fidla na kanuni, naona mtapatana.

Ya mwisho nimeiweka kwa makusudi. Saint Etienne, watatu, bendi iliyoanza 1990. Bob Stanley na Pete Wiggs ni marafiki wa utotoni, Sarah Cracknell ndiye sauti. Septemba wametoa International, na wametangaza kwamba ndiyo albamu yao ya mwisho. Nimeisikiliza nikiwa napika, nikiwa napiga pasi, nikiwa nimelala. Ni muziki wa kucheza, hauna kilio, taa zinawaka mpaka dakika ya mwisho. Nilipokuwa naisikiliza niliwawazia wale wavulana wawili wakibadilishana santuri kabla hawajajua kupiga chombo chochote. Ndipo nikachukua kalamu nikuandikie badala ya kukutumia ujumbe wa sauti.

Sasa sikiliza. Binamu yangu anasafiri katikati ya Desemba, atapita Dar kisha Tanga. Nimempa mzigo wako: The Cords, na ya Rachel. Ya Saint Etienne nitakupa mwenyewe nikija, nataka tuisikilize pamoja sebuleni kwenu. Ile mashine ya santuri ya marehemu baba yako mliitia kitambaa tu au bado inazunguka? Ifungue taratibu, sindano yake ipige picha kwa karibu ionekane namba, unitumie kabla ya wiki ijayo kwisha. Huku sindano za mashine za zamani bado zinapatikana, nitaiweka kwenye mzigo huohuo. Na mkanda unaozungusha sahani uangalie usije ukawa umelegea. Fundi wa redio wa barabara ya 14, kama bado yupo, ataujua.

Nisalimie mama, mwambie goti alikande kwa mafuta ya mkaratusi na asipande ngazi. Watoto wabusu wote.

Wako,
shoga yako wa barabara ya 12